Tulivyomlimia Mgonjwa Tukang'oa Nyasi za Uwanja wa Gofu wa Zamani, Mbarara

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlioko kazini na mliolala na simu kifuani.

Nimekuwa msomaji humu kwa muda sasa. Nacheka na nyie, najifunza, napita kimya. Leo na mimi nimeleta changu.

Ninachoandika kimetokea, na kuna sehemu mimi ndiye mkosaji, sijajipaka poda. Uzi ni mrefu kidogo, kwa hiyo wale wa kusoma kichwa cha habari na kukimbilia kukomenti, leo naomba mvumilie.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, pande za Fizi. Niko Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, zone ya Rubondo, huu mwaka wa tisa. Kazi yangu ni kulima. Mahindi, maharage, mihogo kidogo, na nyuma ya nyumba kuna mistari ya vitunguu ambayo mke wangu ndiye anajua habari zake.

Gofu sijawahi kucheza. Nilikuwa nadhani ni mchezo wa watu waliochoka kukimbia.

Sasa mkulima alifikaje huko?

Nje kidogo ya Mbarara, upande wa Biharwe, kuna uwanja wa gofu wa zamani sana, wa tangu enzi za Waingereza. Jina naliweka kapuni maana wahusika wako hai na simu wanazo. Una mashimo tisa. Ulichezwa, ukachakaa, vita vikapita, watu wakauacha. Miaka na miaka ukawa malisho ya wale ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Kichaka kikafunika, vichuguu vikainuka, na nyumba ya wachezaji ikabaki kuta na veranda ya mawe.

Mwaka jana kamati ya watu wa pale, wengi wao wazee waliouona ukiwa mzima, ikaamua kuufufua. Hawakutaka kujenga mpya. Walitaka urudi kama ulivyokuwa, mashimo pale pale, njia zile zile, hata miti iliyobaki isiguswe.

Wakatafuta watu wa jembe. Kuna mfanyabiashara wa Kaberebere ambaye huwa namuuzia maharage, yeye ndiye alisikia akanipigia. Nikakusanya watu wa Rubondo, pamoja na mimi tukawa kumi na wawili, Wakongo saba na Warundi watano, nusu yetu wanawake. Mimi nikawa kapita wao, ndivyo kwetu tunavyomwita msimamizi. Jumatatu asubuhi tunapanda gari, wiki nzima tunalala vyumba vya kupanga Biharwe, Jumamosi mchana tunarudi kwa familia.

Wakuu, kwa mkimbizi kazi ya miezi mfululizo si jambo dogo. Mama Espérance, mjane wa makamo na mkulima kuliko sisi wote, alishaanza kufyatua matofali ya nyumba. Bosco, Mrundi mmoja mpole wa maneno machache, mke wake alikuwa karibu kujifungua. Kila mtu alikuwa na mpango uliokaa juu ya ile kazi.

Fundi aliyetuongoza alikuwa Mzee Tumwine, Mnyankore wa pale pale Biharwe, umri unaelekea themanini. Ujanani mwake alikata nyasi za uwanja ule kwa miaka mingi. Kamati ilimfuata nyumbani, ikamwambia Mzee, wewe ndiye ramani. Kiswahili chake ni kile cha Uganda alichookota kwa askari na madereva. Kinachechemea lakini kinafika.

Nilipenda sana namna yake ya kufanya kazi.

Kila shimo la gofu lina sehemu yake ya nyasi fupi laini, inaitwa green. Hapo ndipo mpira unamalizikia. Sasa hizo green zote tisa zilikuwa zimepotea chini ya kichaka. Mzee alikuwa na nondo ndefu. Anatembea polepole, anaichoma ardhini, anasikiliza. Ikizama tu, anasonga mbele. Ikigonga kokoto, anasimama, anachoma tena pembeni, tena pembeni, mpaka anachora duara zima. Chini ya kila green walizika kokoto za kupitisha maji, ndizo alikuwa anazitafuta.

Akishapata duara anatuita. Sisi tunafyeka, tunang'oa visiki, tunabomoa vichuguu, tunapeleka udongo kwa toroli. Shimo la tatu tulikuta kikopo cha bati kimeliwa na kutu bado kiko ardhini, kile cha kupokelea mpira. Mzee alikipangusa kwa shati lake.

Karibu na tenki bovu la maji kulikuwa na kipande cha ardhi, ukubwa wa chumba kimoja cha kulala. Mzee alikizungushia kamba ya katani. Kila asubuhi kabla ya kazi anachuchumaa pale, anapapasa kwa vidole, anamwagia maji ya kopo. Alituambia ni bustani yake na mtu asikanyage.

Tukajua mzee ana miche yake, labda karoti, labda kitunguu, na ndiyo kwanza inasumbuka kuota. Maana ukichungulia ndani unaona ukoka tu. Wanyankore wanauita orumbugu. Ule mmea unaotambaa, kila pingili inatoa mizizi. Mkulima yeyote humu ameshaulaani.

Hapo hapo niwaambie jambo lingine. Kwenye kamati kulikuwa na mvutano. Upande mmoja walitaka mkandarasi alete nyasi za kununua, zinazokunjwa kama mikeka, aje na watu wake, atandike, amalize. Upande wa pili walitaka nyasi zile zile za zamani zitafutwe na kupandwa kwa mkono. Sisi tulijua mkandarasi akishinda tunarudi Rubondo. Tusichojua ni hizo nyasi za zamani ziko wapi.

Nadhani mmeshaanza kuona tunakoelekea. Msitangulie.

Ilikuwa Agosti, jua kali, vumbi. Mzee Tumwine akaugua ghafla akapelekwa hospitali mjini. Simu yake ikawa haipatikani. Tukapewa kazi ya kusafisha njia kati ya mashimo tukimsubiri.

Sasa kwetu, na hata kanisani kwetu Rubondo tunafanya, mtu akiugua huendi kumuona mikono mitupu. Lakini zawadi kubwa si sukari wala ndizi. Zawadi kubwa ni kwenda kulima shamba lake. Maana mgonjwa akilala kitandani, anachowaza ni majani yanayokua huko nje. Watu wanaamka, wanalima kwa pamoja, wanaondoka. Humuulizi, wala humwambii. Akipona, akitoka nje, anakuta shamba safi na anajua ana watu.

Wazo lilikuwa langu. Sijalisukuma kwa mtu mwingine na leo silisukumi.

Jumatano mchana, tulipomaliza chakula, nikawaambia wenzangu, jamani mzee hana mtu wa kumlimia. Mke alishafariki na watoto wako Kampala. Twendeni tukamsafishie kabustani kake. Wote wakainuka, hakuna aliyenung'unika.

Wakuu, tulilima. Watu kumi na wawili kwenye kipande cha ukubwa wa chumba, tena tukiimba pambio. Tulichimba mpaka kina cha kiwiko, kwa sababu ukoka ukiuparua juu juu unacheka na wewe. Tulifuata kila mzizi. Miche ya karoti hatukuiona, tukasema masikini, ilishasongwa ikafa. Udongo tukaupondaponda kwa mikono mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Majani yote tukayalundika juu ya mawe ya ile veranda, katikati ya jua, ili yafe kabisa. Ukoka hautupwi kwenye udongo, hilo hata mtoto wa kwetu anajua.

Tulirudi kazini tumejaa furaha. Mimi nilijiona kapita wa maana sana siku ile.

Jumatatu iliyofuata tumerudi kutoka Rubondo, akaja Madamu Peace, katibu wa kamati. Mama mtaratibu, anavaa buti za mpira hata kiangazi. Akaniambia kwamba Alhamisi kamati nzima inakuja kuamua habari ya mkandarasi, kwa hiyo anataka kwanza kuziona nyasi za Mzee Tumwine.

Nikamuuliza nyasi gani.

Akasema zile alizozifungia kamba. Zile ndizo nyasi za asili za uwanja, kipande pekee kilichobaki bila kuchanganyika na magugu ya malisho. Mzee alikuwa ameahidi mbele ya kamati kwamba kutoka kile kipande atapanda green zote tisa. Miezi yote ile alikuwa anazilinda. Hakutuambia kwa kuhofia maneno yakienea mtu atakuja kuzikata auze, au azipeleke kwa mbuzi.

Nilimpeleka. Sikuwa na la kufanya ila kumpeleka.

Alisimama pale kwenye kamba, akaangalia ule udongo laini, safi, usio na hata jani moja. Akauliza nini kimetokea. Nikasema sijui, tulikuwa tumesafiri. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza wakuu, na lilikuwa la uongo. Lilitoka lenyewe kabla sijalipa ruhusa.

Akaondoka akiwa ameshika kichwa.

Mchana tukakaa na sahani za posho, yaani ugali wa huku, na maharage, hakuna anayekula. Nikawaeleza wote. Tulikuwa tumeing'oa kazi yetu wenyewe kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa kuimba.

Bosco ndiye alisema. Alisema bila kuinua macho:

"Tuseme ni ng'ombe. Ziliingia Jumapili, sisi hatuko. Nani atauliza ng'ombe?"

Na ilikuwa inaingia akilini. Jirani wa pale ana mifugo, na mara mbili ilishawahi kupenya seng'enge. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Mama Espérance peke yake ndiye alikataa.

"Papa Neema," akaniambia, wananiita hivyo kwa jina la binti yangu wa kwanza, "ile majani tulitosha na mikono yetu. Miye siwezi sema bongo juu ya mutu mwenye ananisalimiaka kila asubui. Na ngombe haichimbake mupaka chini vile."

Bongo kwetu ni uongo, kutosha ni kutoa. Alikuwa anamaanisha mchunga ng'ombe wa jirani, mzee mmoja mwenye kofia ya pama ambaye hupita kila siku na kutusalimia mmoja mmoja.

Nikamwambia nitafikiria. Lakini sikufikiria wakuu. Baada ya chakula nilikwenda peke yangu mpaka kwenye seng'enge nyuma ya tenki, nikafungua waya sehemu mbili. Nilitaka ng'ombe waingie kweli, wakanyage pale, ili uongo upate miguu. Nikajificha nyuma ya kichuguu kusubiri. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, nimechutama nyuma ya kichuguu nasubiri ng'ombe.

Ng'ombe walikuja. Yule mchunga akaona waya umelegea. Akawazuia kwa fimbo, akainama, akaanza kuufunga. Mikono yake inatetemeka kwa uzee kwa hiyo ilimchukua muda. Alipoinua kichwa akaniona.

"Sebo, waya yako ilikuwa imefunguka," akaniambia, sebo huku ni bwana. "Mimi nafunga. Ng'ombe isikuje haribu kazi yenu."

Nikamshukuru. Akapita na ng'ombe zake.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku tulipovuka mpaka bila viatu. Nilikaa pale kwenye majani mpaka miguu ikafa ganzi.

Saa kumi jioni nilikuwa kwa Mzee Tumwine. Nilisikia ameruhusiwa siku ile ile asubuhi, nikamkuta amekaa nje kwenye kiti, blanketi magotini, migomba imemzunguka. Nilipiga magoti nikamsalimia. Nikamwambia yote ya kwenye bustani, kuanzia wazo langu mpaka lundo la veranda. Ya waya sikumwambia.

Kuku walipita, mtu akapita barabarani na baiskeli ya matoke, yeye anavuta blanketi.

"Nani ambia nyinyi lima pale?" akauliza.

"Hakuna, Mzee. Kwetu mtu akigonjwa, tunaenda kumulimia shamba yake. Ni heshima. Tulizani ni bustani yako ya mboga."

"Mlichimba kiasi gani?"

Nikamwonyesha kiwiko. Akafumba macho.

"Na nyasi mlitupa wapi?"

"Juu ya mawe, kwa jua. Siku tano sasa."

Akafumba tena. Nikajua kazi imekwisha. Nilianza kutafuta maneno ya kuwaambia wenzangu. Halafu akaniangalia moja kwa moja.

"Sebo, wewe ni mkulima. Hii orumbugu, wewe ulishamaliza yeye hata siku moja?"

Nikafikiria mashamba yote niliyolima maishani mwangu, Fizi mpaka Rubondo.

"Hapana, Mzee. Hata siku moja."

"Basi toka hapa. Enda mwaga maji."

Nilikimbia wakuu. Kutoka kwake mpaka uwanjani ni mwendo wa nusu saa, sikumbuki nilipita wapi.

Nikawakuta wenzangu wanafungasha vitu. Nikawaambia alichosema Mzee. Mama Espérance alikuwa ameshasimama kabla sijamaliza. Akaenda moja kwa moja kwenye lundo, akaupindua upande wa juu uliokauka, akaingiza mkono mpaka chini kabisa. Akatoa mzizi mweupe, akauvunja kwa kucha, akauonja kwa ulimi. Akasema chini kuna maji bado.

Yeye ndiye alituongoza kuanzia pale. Mimi kapita nilikuwa nabeba tu. Tulichambua lundo lote, jani kwa jani, tukitafuta pingili zenye uhai. Tulizilaza kivulini, tukazifunika magunia yaliyolowa. Kule kwenye kipande tulimwaga maji ya madumu kutoka kwenye dimbwi la bondeni, asubuhi na jioni, kwa bakuli lililotobolewa ili udongo usikimbie. Siku ya pili tukazipanda zile pingili, kila moja vidole vinne kutoka kwa mwenzake. Asilimia kubwa zilikuwa nyeusi, hata mimi niliona ni maiti.

Alhamisi kamati ikaja. Watu saba na mtu wa mkandarasi mwenye viatu vya kung'aa. Mzee Tumwine akaja kwa bodaboda, dhaifu, fimbo mkononi. Madamu Peace akanitaka nieleze. Nilieleza yote ya bustani mbele yao, ya waya nikayaruka, na nikamwomba radhi kwa kumwambia sijui.

Mtu wa mkandarasi akacheka. Akasema ndiyo hivyo, huwezi kumpa mkulima kazi ya gofu.

Mzee akaomba tupewe muda nyasi ziote. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini anatutetea watu tuliomharibia. Mzee alijibu kwa Kinyankore kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yetu.

"Watoto yangu walituma pesa ya dawa. Hawa walikuja lima. Mimi ndio sikuambia wao. Kosa ni yangu pia."

Wakuu, Mama Espérance alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu.

Kamati ilikaa pembeni, ikarudi na uamuzi wa katikati. Green tano apewe mkandarasi. Nne zisubiri nyasi za zamani mpaka mvua za Septemba, zikiota zipandwe, zisipoota mkandarasi azichukue nazo. Na kwa kuwa kazi imepungua, kikundi chetu kibaki watu wanane. Kapita ataje wanne wa kurudi Rubondo.

Kapita ni mimi.

Hapa ndipo penye kidonda changu, na kusema kweli ndiyo sababu ya uzi huu.

Watatu wa kwanza walijitoa wenyewe, walikuwa na mashamba yanayowasubiri. Wa nne nikamtaja Bosco. Nilisema mbele ya watu kwamba mke wake anakaribia kujifungua, akae naye karibu. Wote wakaona ni busara, wengine hata walinisifu. Bosco aliniangalia tu, akachukua mfuko wake.

Haikuwa sababu ya mke wake.

Bosco ndiye alisema tuseme ng'ombe, na kila nikimtazama nilikuwa naukumbuka ule waya. Yeye alisema maneno tu, akiwa na njaa na hofu kama sisi wote. Mimi ndiye nilikwenda nikaufungua. Hakuna aliyejua hilo, lakini kukaa naye kila siku kulinichoma. Nikamfukuza mtu kwa dhambi ambayo mimi niliitenda kuliko yeye.

Siku ya tisa baada ya kuanza kumwaga maji, Mama Espérance alipiga kelele kutoka kwenye tenki. Tukakimbia tukidhani ni nyoka. Alikuwa amepiga magoti. Ule udongo wetu wa unga ulikuwa umetoboka huku na huku, ncha za kijani nyembamba kama sindano. Hazikuwa tu pale tulipopanda pingili. Zilitoka hata tulipoapa kwamba tumemaliza kila mzizi.

"Tangu nizaliwe," akasema, "sijafurahia haya majani."

Akacheka mpaka akakaa chini, na sisi wote tukacheka. Watu wanane wazima wamezunguka magugu wanashangilia. Mchunga ng'ombe alisimama kwenye seng'enge akatushangaa. Nilimfuata hapo hapo nikamwambia ukweli wa ule waya. Akaniuliza tu kama ng'ombe wangeumia. Nikasema hapana. Akasema basi, akaenda zake.

Septemba mvua ilikuja vizuri. Tulipanda green nne zote kwa mkono, pingili kwa pingili, tukiwa tumepiga magoti kwenye matope. Mzee alipata nafuu, akawa anapita na fimbo anakosoa nafasi. Alimfanya Mama Espérance kapita na mimi nikawa chini yake. Ananituma maji kama mtoto na sina malalamiko.

Mwezi uliopita wazee walicheza kwa mara ya kwanza. Mashimo tisa, mpira unaenda unarudi, wanabishana kama watoto wa shule. Mzee Tumwine hakucheza. Alikaa kwenye ile veranda ya mawe na chai yake, anaangalia green ya tatu tu.

Sasa niliyojifunza.

La kwanza ni jepesi. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza, hata kama kwenu kuuliza kunaharibu zawadi. Heshima ya kwetu inaweza kuwa hasara kwa mwingine na nyoyo zote zikiwa safi.

La pili lilinichukua muda. Kosa nililolifanya kwa upendo nililikiri mbele ya kamati nzima na bado nikala usingizi. Lile dogo la waya lilinishinda kulisema kwa wenzangu, na kwa kulificha nikamuumiza mtu mwingine. Tangu Septemba tukikutana Rubondo nikimsalimia Bosco anaitikia kwa heshima, anapita. Najua hana kinyongo cha kelele. Lakini pia najua anajua kwamba mke wake haikuwa sababu.

Sasa wiki iliyopita nyasi za kununua za shimo la sita zimegeuka njano, hazikushika. Kamati imeamua zing'olewe, zipandwe za kwetu. Mama Espérance ameomba aongezewe mtu mmoja, na jina alilolitaja bila mimi kusema chochote ni la Bosco. Nilimwambia nitampelekea habari mwenyewe. Nimefika mlangoni kwake mara mbili nikageuka.

Bosco, najua uko humu. Wewe ndiye ulinionyesha hili jukwaa tukiwa Biharwe, na huwa unasoma bila kuandika. Nimekuandikia hapa kwa sababu mbele ya uso wako mdomo unanifunga, na kwa sababu nilikuaibisha mbele za watu, basi na mimi niaibike mbele za watu. Waya niliufungua mimi. Wewe hukufanya kitu.

Wakuu wengine wote karibuni, nisemeni mnavyotaka, matusi pia nayapokea.

Wewe Bosco usikomenti. Gari la Jumatatu linatoka saa kumi na mbili, nimekuwekea nafasi dirishani.